"Kaka, kuna nini kipya?" Wiki tatu sijamjibu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi naishi Saint Paul, Minnesota, huku Marekani. Nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunza wazee. Shida yangu si ya mapenzi wala ya urithi, na nimesita kuandika kwa kuhofia nitaambiwa ni mambo ya kitoto. Kwangu si ya kitoto hata kidogo.

Ninacheza Dungeons & Dragons. Kwa wasioujua, ni mchezo wa mezani ambao mtu mmoja anaisimulia dunia, wenzake wanne watano kila mmoja anashika mhusika wake, na jambo likiwa na mashaka dadu huamua. Ulitoka mwaka 1974, na mmoja wa waasisi wake, Dave Arneson, aliuchezesha mwanzo kabisa papa hapa, kwenye miji hii pacha ya Minneapolis na Saint Paul. Nilifundishwa mwaka 2016 na wenzangu wa chuo, na mezani hapo ndipo nilipokutana na rafiki yangu, mwenyeji wa Mombasa. Sote wawili tulikuwa na kiu moja: kila kampeni, yaani hadithi ndefu inayochezwa kwa vikao vingi, ilikuwa ya theluji na makasri, nasi tulitaka bahari yetu.

Mwaka 2019 tukatoa kijitabu cha nyongeza, PDF ya kurasa 32, dola 6. Kinahusu mji wa kisiwani uliojengwa kwa mawe ya matumbawe. Jina tuliubuni wenyewe, lakini aliyefika Kilwa Kisiwani atautambua mara moja. Kuna majini, kuna wafanyabiashara wa dhahabu ya Sofala, na kuna kanuni za safari za jahazi kufuatana na pepo za kaskazi na kusi. Mwaka 2021 tukatoa cha pili, kurasa 44, dola 8. Watu 310 walinunua cha kwanza na 190 cha pili. Kwa kampuni kubwa hiyo si hesabu. Kwetu sisi kila mnunuzi alikuwa mgeni aliyebisha hodi.

Sasa rafiki yangu anataka tutoe kitabu kimoja cha jalada gumu, kurasa 128, dola 45. Kwanza tuchangishe mtandaoni, halafu kiende kwa mpiga chapa. Nilikubali kwa furaha. Kipo kitu ndani yake ninachokipenda mno: jedwali la pepo. Katika kijitabu cha kwanza tulilikosea, tukapeleka majahazi kutoka Kilwa hadi Sur, bandari ya Omani, mwezi Januari. Msomaji mmoja wa Muscat, ambaye babu yake alikuwa nahodha, akatuandikia kwa upole kwamba Januari kaskazi linavuma kutoka huko, na chombo kinachokwenda Omani husubiri kusi. Jedwali tumelitengeneza upya kwa msaada wake.

Lakini nilipokaa na orodha ya yaliyomo nikahesabu. Kurasa 76 ni vile vijitabu viwili. Ukitoa michoro, faharasa na majina ya watakaochangia, mapya hasa ni kama kurasa 40. Tangazo aliloliandika linasema "kitabu kipya kabisa". Nikamwambia hatuwezi kusema hivyo. Akanijibu kwamba walio na vile vya zamani, kwa kuwa wengi wa walionunua cha pili wanacho na cha kwanza, hawafiki hata mia nne, kwa walimwengu wengine wote ni kipya, na kampuni kubwa zinarudia maandishi yao kila siku. Tukapandishiana sauti. Ana mtoto wa miezi mitano, na dola 2,800 za mfukoni mwake zimeshaingia kwenye michoro. Tangu siku ile tunatumiana meseji za kazi tu, hakuna salamu.

Mimi upande wa pili naujua. Niliwahi kununua kitabu cha bei kubwa, nikakifungua ndani ya basi, nikakuta sura ninazozijua kwa moyo. Nilihisi nimeibiwa, na sitaki mtu ahisi hivyo kwa jina langu.

Kinachoninyima usingizi ninaporudi asubuhi ni kijana mmoja wa Tanga. Hana kadi ya benki, kwa hiyo mwaka 2021 alimpa dada yangu pesa mkononi nami nikamtumia vijitabu vyote viwili. Akaviprinti steshenari, akavifunga spairo, na yeye na wenzake watano wanavitumia mpaka leo. Aliposikia habari za kitabu kikubwa akaniandikia: "Kaka, hongereni sana. Tumeanza kuchanga. Ila niambie, kuna nini kipya?" Wiki tatu zimepita na sijamjibu.

Je, kuuza tena ulichokwisha kuuza si wizi, Shangazi? Nijitoe kwenye kitabu? Au ni mimi ninayeyakuza mambo?

Mwandishi wa Usiku

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi za usiku.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile ya tatu nilikuwa nimeteremsha vitabu vyangu kutoka rafuni. Mwanangu alinikalisha kwenye mchezo huu mwaka uleule uliofundishwa wewe, mchezaji wao mmoja alipougua, na sijainuka mezani tangu hapo. Kwa hiyo hapa hakuna wa kukuambia ni mambo ya kitoto.

Unaniuliza kama kurudia ni wizi. Swali hilo nitalifikia. Ila naona katika barua yako umelalamikia tangazo, ukahesabu kurasa, ukamlaumu kidogo rafiki yako, na mwisho ukaja kwa kijana mwenye kopi za spairo, na hapo ndipo sauti yako ilipobadilika. Ninahisi mzigo wako uko kwenye ile meseji. Kama nimekosea, utanisahihisha.

Tuanze na kurudia. Nimefungua vitabu viwili vya mchezo huu sambamba: Sword Coast Adventurer's Guide cha mwaka 2015 na Xanathar's Guide to Everything cha mwaka 2017. Nikaweka kidole cha mkono huu kwenye Swashbuckler (aina ya mhusika, mpigana upanga mwenye mbwembwe) wa kitabu cha kwanza na kidole cha mkono wa pili kwenye Swashbuckler wa kitabu cha pili, nikateremka mstari kwa mstari. Ni yuleyule, isipokuwa maneno machache yaliyonyooshwa. Pamoja naye zilihamia aina nyingine za wahusika: Mastermind, Storm Sorcery na Way of the Sun Soul. Aliyekuwa na kitabu cha 2015 angeweza kusema, kama ulivyosema wewe kwenye basi, kwamba kurasa hizi ameshazilipia.

Lakini wakati ule wachezaji wa Adventurers League, ile michezo rasmi inayochezwa madukani na kwenye mikutano, walibanwa na kanuni moja: mhusika wako ajengwe kwa Player's Handbook, kitabu cha msingi cha wachezaji, na kitabu kimoja kingine tu. Mtu aliyemtaka Swashbuckler na pia akataka uchawi mpya wa Xanathar angefungiwa mlango kama Swashbuckler angebaki katika kitabu cha 2015 peke yake. Kurasa zilezile, ziliporudiwa, zilimfungulia. Wa nyumbani mwenye vitabu vyote viwili hakuongezewa kitu, na wa dukani alipata ambacho vinginevyo angekikosa. Ndiyo maana naogopa kulijibu swali lako kwa neno moja. Ukurasa uliorudiwa hauna thamani moja kwa watu wote, na neno lako "wizi" limeutazama kwa jicho la yule wa nyumbani peke yake.

Kuna na marudio ya namna nyingine. Bladesinging, mchawi anayepigana kwa upanga, naye alitoka katika kitabu hicho cha 2015, akarudi mwaka 2020 katika Tasha's Cauldron of Everything. Kwa kutazama haraka utasema ni yaleyale. Lakini palipoandikwa kwamba anashambulia mara mbili, pameongezwa kwamba shambulio moja anaweza kulibadilisha na uchawi mdogo, wa aina isiyomaliza akiba yake. Ni sentensi moja, na aliyewahi kumcheza mhusika huyo anajua kwamba mapigano yake yote yamegeuka. Ukihesabu kurasa, hutaona kitu.

Sasa nikuulize, mwanangu: jedwali la pepo umelihesabu wapi? Kwa hesabu uliyoniandikia, liko ndani ya zile 76 za zamani, kwa kuwa lilikuwamo mwaka 2019. Lakini kundi la Tanga bado linasafirisha majahazi yake kwenda Sur mwezi Januari, na kaskazi linawapiga usoni bila wao kujua. Kwao nusu ukurasa huo huenda ukawa na uzito kuliko sura nzima mpya. Rafiki yako anasema vyote ni vipya, wewe unasema 76 ni vya zamani, na sidhani kama mmoja wenu ameshakaa akautazama kila ukurasa na kuuliza umefanywa nini tangu ulipouzwa.

Kurudia kunaweza pia kupunguza, na hili halisemwi sana. Mwaka 2022 kilitoka Mordenkainen Presents: Monsters of the Multiverse, kikakusanya mazimwi zaidi ya 250, wengi wao wa Volo's Guide to Monsters cha 2016 na Mordenkainen's Tome of Foes cha 2018, wakiwa wamefanyiwa marekebisho. Kukitumia mezani ni rahisi zaidi, nami nakitumia. Lakini zile sura ndefu za Volo kuhusu maisha ya majitu, ya wachawi wa kike, ya beholder, lile zimwi la macho mengi, na fikra zake za kutomwamini mtu, hazikuja. Anayeanza leo na kitabu kipya hazijui. Kwa hiyo mnapokusanya vyenu, tazameni pia mnachokiacha. Kama kuna hadithi ya jini mliyoikata ili kurasa zitoshe, yupo mtu aliyeipenda.

Na kingine nilichokiteremsha ni Tales from the Yawning Portal cha mwaka 2017. Humo mna safari saba za kuchezwa, zote za zamani, zilizogeuzwa zifuate kanuni za toleo la tano. Mojawapo, Tomb of Horrors, ilichapishwa mwaka 1978. Aliyenunua kitabu hicho alijua kwamba ananunua vya kale, maana ukale wenyewe ndio uliotangazwa. Nimekaa sana na hili kwa ajili yenu. Rafiki yako anaogopa kwamba mkisema "vijitabu vyetu viwili, vimekusanywa na kutengenezwa upya", wanunuzi watapita. Je, ana uhakika? Mtu asiyewajua akisikia kwamba vijitabu hivi vimekuwa mezani kwa miaka, kwamba mjukuu wa nahodha ameviona na kuvisahihisha, huenda hiyo ndiyo sababu atakayotoa dola 45. Huenda pia isiwe hivyo. Biashara ya kuchangisha ina haraka, na neno "kipya" linavuta macho. Siwezi kukuahidi kwamba maneno ya kweli yataleta pesa ileile.

Rafiki yako umenichorea kama mtu asiyejali. Lakini mambo mawili uliyoyataja kumhusu ni mtoto wa miezi mitano na dola 2,800 ambazo hazijarudi. Mwenye hofu ya pesa husema maneno makubwa kuliko anayoyaamini. Na lipo alilosema ambalo ni kweli: kwa wengi kitabu kitakuwa kipya, na wengi hao nao wana haki ya kupata kila kitu mahali pamoja badala ya kuokoteza vijitabu. Ninachoshindwa kukubaliana naye ni ile hesabu ya mia nne, kama vile uchache wao unawaondoa. Wale ndio waliowanunulia vitu vyenu wakati hakuna aliyewajua. Meseji za kazi hazitalimaliza hili. Mpigie simu siku ambayo mtoto amelala, muulize kwanza hali, halafu umwombe mkae na orodha ya yaliyomo na kalamu za rangi: ukurasa uliobaki kama ulivyokuwa, ukurasa uliotengenezwa, ukurasa ambao haujawahi kuonekana. Hatari ya zoezi hilo naiona. Rangi ya kwanza inaweza kujaa kuliko mlivyotarajia, naye akahisi umemwita kuja kumshtaki. Ukianza na jedwali la pepo, huenda akaona umekuja kumsaidia.

Mkishakuwa na karatasi hiyo, kuna mengi ya kufanya nayo. Mnaweza kuichapisha kwenye tangazo lenyewe, sura kwa sura. Atakayechanga atachanga akijua, na mtapoteza wale wasiotaka marudio. Mnaweza kutoa zile kurasa mpya na zilizotengenezwa peke yake kama PDF ya bei ndogo kwa wenye vijitabu. Kwa moyo wangu hii inanivutia, lakini ina gharama: PDF ikishakuwapo, wengine ambao wangenunua jalada gumu watachukua hiyo, na michango inaweza isifike mnapotaka. Mnaweza kuwapa bure wanunuzi wa zamani. Kutuma PDF hakugharimu karatasi, ila kunawataka muwe na orodha ya majina, na wanunuzi wa aina ya kijana wa Tanga, waliolipa mkononi, hawamo katika orodha yoyote isipokuwa kichwani mwako. Au muache kukusanya, muandike kijitabu cha tatu chenye mapya tu. Wa zamani watafurahi. Anayeanza leo atahitaji vitatu, jedwali bovu litabaki kwenye cha kwanza, na pesa ya michoro itakaa miezi mingi zaidi bila kurudi nyumbani kwa mwenzako.

Kujitoa nako umekutaja, nami sitakuambia usijitoe. Ila fikiria kitakachotokea siku ya pili yake. Maneno yako yamo ndani ya zile kurasa 76, yamesukwa na yake. Ukiondoka, atayatumia bila wewe, au atayaacha na kitabu kife, na kwa vyovyote bado tangazo litakuwa limeandikwa na mtu mmoja. Labda ndani ya chumba sauti yako ina kazi zaidi. Labda pia umechoka, na kuchoka ni sababu halali. Hilo unalijua wewe.

Kuna mambo ya karatasi ambayo hukuniambia, na ningependa myatazame kabla ya kugombana zaidi. Vijitabu viliuzwa wapi? Kama viliwekwa DMs Guild, lile duka la mtandaoni la kazi za wachezaji wa mchezo huu, masharti ya pale hayaruhusu kuvichukua na kuviuza kwingine, na mpango mzima unabadilika. Kama mliviuza wenyewe kwa leseni ya zamani ya mchezo (OGL), jueni kwamba Januari 2023 kanuni za msingi zinazoitwa SRD 5.1 ziliwekwa pia chini ya Creative Commons, leseni huru inayoruhusu wengine kuzitumia, kwa hiyo mkiichagua hiyo, ukurasa wa leseni nao mtauandika upya. Na ile michoro ya 2019 na 2021, aliyeichora alilipwa kwa kijitabu tu au kwa matumizi yote? Msanii naye anaweza kujikuta amerudiwa bila kuulizwa.

Halafu yupo kijana. Umenyamaza wiki tatu kwa sababu unadhani anakudai jibu la kitabu kizima, na kitabu chenyewe hamjakubaliana. Lakini yeye hakukuuliza kama ninyi ni waaminifu. Ameuliza kuna nini kipya, na wenzake wameanza kuchanga, nadhani kwa shilingi elfu mbili mbili. Jibu la swali hilo unalo tayari, hata kama tangazo halijaandikwa: sura mpya ni zipi, jedwali limerekebishwa, na mengine anayo kwenye spairo yake. Unaweza kumwambia hivyo bila kumtaja rafiki yako, na bila kumshauri anunue au asinunue. Unaweza pia kumpigia picha jedwali jipya ukamtumia kesho, kitabu kiwepo kisiwepo. Kama unaona kufanya hivyo ni kumzunguka mwenzako, mwambie mwenzako kwanza. Pengine ndilo neno la kuanzia ile simu.

Na ukimwandikia kijana, muulize kitu kimoja kwa niaba yangu. Hizo kopi zimefunguliwa miaka mingi na mikono sita. Muulize ni ukurasa gani umechakaa zaidi, ule ambao matundu ya spairo yameanza kuchanika. Umwambie Shangazi anataka kujua, kisha mwonyeshe jibu lake rafiki yako kabla hamjashika kalamu za rangi.